Fainali Nane Kabla ya Taji la Kwanza: Kwa Vijana Wanaoingia Katika Tenisi ya Kulipwa

Kila kijana anayeletwa kwangu kujifunza tenisi kwa nia ya kuifanya kazi, kabla sijamwonyesha namna ya kushika raketi, namwekea mezani jedwali la mashindano ya wachezaji 32 na kumwomba ahesabu ni wangapi watakaoondoka wiki hiyo bila kushindwa. Jibu ni mmoja. Wengine 31 watafunga mizigo yao wakiwa wamepoteza mechi ya mwisho waliyocheza, na katika Grand Slam, yaani moja ya mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi, ambako wanawake huanza wakiwa 128, walioshindwa hufika 127. Hesabu hii ni ya mtoto wa darasa la pili, lakini nimeona wazazi wakinyamaza kimya baada ya kuifanya, kwa kuwa hawakuwahi kuitazama kazi hii kwa upande huo. Mchezaji wa kulipwa, hata aliye hodari, hushindwa karibu kila wiki anayocheza, na kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kujifunza ni namna ya kushindwa Jumanne na kuwa mzima tena ifikapo Jumatatu.

Mtu ninayemtumia kufundishia jambo hili ni Francesca Schiavone, Mwitaliano aliyezaliwa mjini Milan tarehe 23 Juni 1980. Wanafunzi wangu hupenda zaidi tumzungumzie Serena Williams, nami siwalaumu, lakini Serena alitwaa Grand Slam yake ya kwanza akiwa na miaka 17, na kipaji cha namna hiyo hakifundishiki. Mtu hukistaajabia tu na kurudi kwenye mazoezi yake. Schiavone alicheza tenisi ya kulipwa kwa takriban miaka 20 na kupata mataji 8 ya mchezaji mmoja mmoja katika ngazi ya WTA, chama kinachoendesha tenisi ya kulipwa ya wanawake duniani. Moja kati ya hayo 8 ni la Roland Garros, Grand Slam ya mjini Paris, la mwaka 2010, ambalo lilimfanya kuwa mwanamke wa kwanza wa Italia kushinda Grand Slam kwa mchezaji mmoja mmoja. Taji hilo linajulikana na kila mfuatiliaji wa tenisi. Miaka iliyolitangulia haijulikani sana, nayo ndiyo ninayotaka tuisome kwa utulivu.

Fainali yake ya kwanza ya WTA ilikuwa mjini Tashkent mwaka 2000, akashindwa. Ya pili ilikuwa Canberra mwaka 2003, akashindwa. Mwaka 2005 alifika fainali tatu katika msimu mmoja: Bali akafungwa na Lindsay Davenport, Moscow akafungwa na Mary Pierce, na Hasselt nchini Ubelgiji akafungwa na Kim Clijsters. Mwaka 2006 zikafuata nyingine tatu, Sydney dhidi ya Justine Henin, Amelia Island kule Florida dhidi ya Nadia Petrova, na Luxembourg dhidi ya Alona Bondarenko, na zote tatu akaondoka na sahani ya mshindi wa pili. Jumla ni fainali nane na hakuna taji hata moja. Taji la kwanza alilipata Julai 2007 mjini Bad Gastein, katika milima ya Austria, alipomshinda Yvonne Meusburger ambaye alikuwa akicheza nyumbani kwao. Schiavone alikuwa ameshatimiza miaka 27, na miaka saba ilikuwa imepita tangu Tashkent.

Mimi niliacha kushindana baada ya kupoteza fainali ya tatu. Zilikuwa fainali za klabu tu, mbele ya watazamaji ambao wengi wao walikuwa shangazi na binamu za wachezaji, lakini nilijiaminisha kwamba mtu anayeshindwa fainali tatu mfululizo ameumbwa bila moyo wa ushindi, na kocha wangu wa wakati huo, badala ya kunisahihisha, aliniunga mkono. Nayasema haya ili mjue kwamba ninapowahimiza msome orodha ya fainali za Schiavone sisemi kama mtu aliyefanya vizuri zaidi. Nasema kama mtu aliyeisoma orodha hiyo akiwa amechelewa.

Isomeni basi kama mhasibu anavyosoma daftari. Swali la kwanza ni hili: ni nani waliomshinda? Davenport, Pierce, Clijsters na Henin wote walikuwa mabingwa wa Grand Slam. Mchezaji anayekutana na watu hao fainalini ameshawashinda wapinzani watatu au wanne katika wiki hiyo hiyo, jambo ambalo neno "ameshindwa" hulificha kabisa. Swali la pili ni mahali taji lilipopatikana. Halikupatikana kwa kumwangusha Henin mjini Sydney. Lilipatikana katika mashindano madogo zaidi, kwenye udongo mwekundu, uwanja ambao mchezo wake uliupenda. Hapo pana somo la upangaji wa ratiba ambalo vijana wengi hulidharau, kwa sababu kila mmoja anataka kuingia mashindano yenye jina kubwa kuliko uwezo wake wa mwaka huo, kisha hupoteza raundi ya kwanza wiki sita mfululizo na kudai kwamba tatizo ni bahati. Katika msimu mmoja panga wiki chache za kujipima na walio juu yako, lakini usikose wiki ambazo una nafasi halisi ya kucheza mechi nne au tano. Mchezaji anayecheza mechi moja kwa wiki hajifunzi kitu kingine zaidi ya njia ya kwenda uwanja wa ndege.

Desturi ninayowapa wanafunzi wangu ni daftari. Baada ya kila mechi waliyopoteza wasubiri saa moja, wale, waoge, ndipo waandike mambo matatu: pointi zipi walizipoteza wenyewe na zipi zilichukuliwa na mpinzani, ni wakati gani mechi iligeuka, na ni mpigo gani hawakuuamini pale alama zilipobana. Nawakataza kuandika chochote kuhusu tabia zao au majaliwa yao. Binti mmoja aliwahi kuniletea ukurasa mzima wa kujilaumu, nikaurudisha nikimwomba aandike alama za kila gemu. Alipomaliza aligundua kwamba alikuwa amepoteza gemu tano zilizofikia pointi sare, yaani mechi aliyoiita aibu ilikuwa imeamuliwa kwa pointi zisizozidi kumi.

Sasa tuje kwenye nafasi katika orodha ya dunia, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi huvunjika moyo. Pointi za WTA hudumu kwa wiki 52. Ukishinda mashindano Machi mwaka huu, Machi mwakani pointi hizo huondolewa, na usipopata nyingine za kujazia unashuka hata kama hujacheza vibaya kuliko zamani. Mwaka 2006 Schiavone alifika nafasi ya 11 duniani, hatua moja tu nje ya kumi bora, kisha akashuka. Kwa miaka minne watu walimweka katika kundi la wachezaji wazuri ambao mlango wa kumi bora uliwafungia usoni. Mwanamke wa kwanza wa Italia kuingia humo hakuwa yeye bali Flavia Pennetta, Agosti 2009. Schiavone aliingia Juni 2010, na Januari 2011 akafika nafasi ya 4. Kama angeacha mwaka 2007 kwa kuwa chati inaonyesha mteremko, hakuna ambaye angemlaumu, na hapo ndipo ubaya wa kuisoma chati kila Jumatatu asubuhi ulipo. Mimi huwaruhusu wanafunzi wangu kuitazama mara nne kwa mwaka. Wanadanganya, bila shaka, kwa kuwa simu wanazo, lakini angalau hatuizungumzii mazoezini.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa sababu hakuna utamu wowote wa kuusimulia. Ngazi ya chini ya mashindano ya kulipwa ya wanawake huitwa W15, maana yake jumla ya zawadi kwa wachezaji wote ni dola 15,000, na bingwa mwenyewe hupata chini ya dola 2,500 kabla ya kodi. Juu yake zipo W35, W50, W75 na W100, na mbali juu ndipo yanapoanza mashindano ya WTA. Anayeshindwa raundi ya kwanza katika W15 hawezi kulipia hata hoteli ya wiki hiyo kwa alichopata. Linganisha na euro 1,120,000 alizolipwa Schiavone kwa taji la Roland Garros, utaelewa kwa nini kazi hii huwatajirisha wachache na kuwamaliza wengi. Wachezaji wa Italia wana nafuu moja ambayo inafaa kuifahamu: nchi yao huandaa mashindano mengi ya ngazi za chini kila mwaka, na klabu zao zina ligi ya timu ambayo huwalipa wachezaji, hivyo kijana wa Milan au Lucca anaweza kupata pointi zake za mwanzo akisafiri kwa treni. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mashindano machache yanayofikika, na wiki hizo zinapokuja zisipotee kwa sababu ya paspoti iliyoisha muda au ada ya usajili iliyosahaulika. Nimeyaona yote mawili.

Turudi kwa Schiavone na mwili wake. Ana urefu wa sentimita 166, kimo ambacho katika tenisi ya sasa ya wanawake huhesabiwa kuwa kifupi, na mpigo wake wa mkono wa nyuma aliupiga kwa mkono mmoja wakati karibu wenzake wote wanatumia mikono miwili. Asingeweza kuwashinda warefu kwa nguvu za kuanzisha mpira, kwa hiyo alijenga mchezo wa aina nyingine. Alipiga mpira wenye mzunguko mkubwa unaodunda hadi begani kwa mpinzani, kisha akakata mwingine unaoteleza chini, kisha akadondosha mfupi karibu na wavu, kisha yeye mwenyewe akasogea mbele kuumaliza mchezo hewani. Mpinzani hakupewa mpira wa aina moja mara mbili. Kocha anayekuona mfupi na kukuambia upige kwa nguvu zaidi, msikilize kwa adabu, halafu mwombe akufundishe pia kubadilisha urefu na mwendo wa mpira. Lakini muwe na subira, kwa kuwa mchezo wa namna hii huchelewa kukomaa: mwenye silaha moja huijua akiwa na miaka 18, na mwenye silaha sita hutumia miaka mingi kujifunza ni ipi itolewe lini. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa iliyomfanya Schiavone acheze tenisi yake bora akikaribia miaka 30, ingawa wapo wanaosema ni bahati ya ratiba.

Roland Garros ya mwaka 2010 aliianza akiwa amepangwa namba 17 kwa ubora, na katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuvuka robo fainali ya Grand Slam kwa mchezaji mmoja mmoja. Mwaka uliotangulia, katika mashindano hayo hayo, alikuwa ametolewa raundi ya kwanza na Samantha Stosur wa Australia. Safari hii raundi ya kwanza alikutana na Mrusi Regina Kulikova na kupoteza seti ya kwanza 5-7. Fikirini hali hiyo: mwanamke wa miaka 29, aliyetolewa mapema mwaka uliopita, anapoteza seti ya kwanza dhidi ya mpinzani ambaye wengi hawamjui. Alishinda zile mbili zilizobaki 6-3 na 6-4, na baada ya hapo hakupoteza seti nyingine hadi anakabidhiwa kombe. Aliwatoa Li Na, Maria Kirilenko na Caroline Wozniacki, na katika nusu fainali Elena Dementieva alijitoa kwa maumivu baada ya kupoteza seti ya kwanza kwa taibreki, ile gemu ya pointi inayoamua seti iliyofika 6-6.

Fainali ilichezwa tarehe 5 Juni, na aliyesimama ng'ambo ya wavu alikuwa yule yule Stosur wa mwaka uliopita. Stosur alikuwa amewatoa Justine Henin, Serena Williams na Jelena Jankovic, na mpira wake wa kuanzia ulidunda juu kiasi cha kumsumbua yeyote anayetumia mkono mmoja kwa mpigo wa nyuma. Watu wengi walimwona Stosur kuwa ndiye bingwa. Schiavone alichukua seti ya kwanza 6-4. Katika seti ya pili Stosur akaongoza 4-1, na hapa nawaomba wanafunzi wangu wasimamishe video na waniambie wangefanya nini. Karibu wote husema wangecheza kwa uangalifu, wairudishe mipira katikati, wasubiri mpinzani akosee. Schiavone alifanya kinyume. Aliendelea kusogea mbele, akakata mpira na kukimbilia wavuni, akapiga kwa mkono uliolegea kana kwamba yeye ndiye anayeongoza, seti ikafika 6-6, na taibreki akaishinda kwa pointi 7 kwa 2. Kisha akajilaza juu ya udongo na kuubusu. Zilikuwa zimebaki wiki chini ya tatu atimize miaka 30.

Nimeitazama taibreki hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu. Kinachonivutia ni kwamba hakuna mpigo hata mmoja humo ambao aliuanza siku hiyo. Yote ilikuwa mipigo aliyoipiga Tashkent, Bali na Hasselt, siku alizoshindwa. Mgeni katika kazi hii hudhani kwamba mechi kubwa huhitaji kitu kipya, akabadilisha raketi wiki ya mashindano, akabadilisha namna ya kusimama, akajaribu mpigo aliouona kwenye simu usiku uliopita. Mechi kubwa huhitaji kile ulichokizoea kuliko vyote, na ujasiri wa kukitumia wakati alama zinakukataza.

Mwaka uliofuata una mafunzo yake, na sehemu moja yake ni kali. Tarehe 23 Januari 2011, katika raundi ya nne ya mashindano ya Australia mjini Melbourne, Schiavone alicheza na Svetlana Kuznetsova wa Urusi kwa saa 4 na dakika 44, mechi iliyovunja rekodi ya urefu kwa wanawake katika Grand Slam. Alama zilikuwa 6-4, 1-6, 16-14. Kuznetsova alipata nafasi sita za kumaliza mechi na zote sita Schiavone akazizima. Wakati huo seti ya tatu haikuwa na taibreki kule Melbourne, mliendelea mpaka mmoja ampite mwenzake kwa gemu mbili. Sheria ya leo ya taibreki ya pointi kumi katika seti ya mwisho imeondoa mateso hayo, nami sioni haya kusema kwamba nayakumbuka kwa mapenzi. Watu husimulia mechi hii na kuishia hapo. Mimi huendelea kwa siku mbili zaidi. Katika robo fainali Schiavone alikutana na Wozniacki, akashinda seti ya kwanza 6-3, akaongoza 3-1 katika ya pili, kisha mechi ikamponyoka, akashindwa 3-6, 6-3, 6-3. Ushindi wa kihistoria una gharama, na bili huletwa siku inayofuata. Anayeanza ajifunze mapema kwamba usingizi, chakula, maji ya chumvichumvi na mikono ya mtaalamu wa viungo ni sehemu ya kazi sawa na mpigo wa mbele. Wakati mwingine hata hivyo vyote havitoshi, na hapo hakuna la kujilaumu.

Mwezi Juni alirudi Paris na kufika fainali tena, safari hii akikutana na Li Na, ambaye yeye Schiavone alikuwa amemshinda mwaka mmoja kabla katika raundi ya tatu ya mashindano hayo hayo. Alishindwa 6-4, 7-6, na katika taibreki ile hakupata hata pointi moja, saba kwa sifuri. Mwanamke aliyeshinda taibreki bora ya maisha yake uwanjani pale alicheza pale pale nyingine ambayo hakupata kitu, na alikuwa mtu yule yule, mwenye moyo ule ule. Naieleza kwa wale wanaopenda kusema kwamba mchezaji fulani "anajua kushinda" na mwingine "hajui".

Kuna jambo ambalo kitabu cha hesabu hakilionyeshi, nalo ni wenzake. Schiavone hakukua peke yake. Pennetta wa Brindisi, Roberta Vinci wa Taranto na Sara Errani wa Bologna walicheza pamoja naye katika kikosi cha Italia cha Fed Cup, mashindano ya mataifa ambayo siku hizi yanaitwa Billie Jean King Cup, chini ya nahodha Corrado Barazzutti. Italia ilichukua kombe hilo mwaka 2006, 2009, 2010 na 2013, na Schiavone alikuwamo katika matatu ya kwanza. Lile la 2006 lilipatikana mjini Charleroi, nyumbani kwa Wabelgiji, katika mechi ya mwisho ya wawili wawili ambayo Schiavone na Vinci walikuwa wakiongoza pale Henin alipolazimika kujitoa kwa jeraha la goti. Katika wiki nyingine wanawake hao walikuwa wapinzani wa kweli: fainali ya Barcelona ya mwaka 2010, wiki chache kabla ya Roland Garros, Schiavone alimfunga Vinci 6-1, 6-1. Mwaka 2015 Pennetta na Vinci walikutana katika fainali ya US Open, Pennetta akashinda na kutangaza pale pale uwanjani kwamba anastaafu.

Sijui kundi kama hilo hutengenezwaje kwa makusudi, lakini najua linavyobomolewa, kwa sababu nimelibomoa moja mwenyewe. Nilikuwa na mabinti watatu wa umri mmoja, nikawa nikiwalinganisha mbele ya wazazi wao kila Jumamosi, na baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekubali kumpigia mwenzake mpira wa mazoezi. Mkipata mwenzenu wa kiwango chenu, mlindeni. Fanyeni naye mazoezi hata siku mnayojua kwamba Jumapili mtakutana fainalini, gawaneni chumba na nauli, na mwambie ukweli kuhusu mpigo wake wa nyuma. Faida ya jambo hilo huonekana baada ya muda mrefu sana. Errani, ambaye alikuwa mdogo katika kundi lile, ndiye aliyesimama mjini Paris Agosti 2024 pamoja na Jasmine Paolini kupokea dhahabu ya Olimpiki ya wawili wawili, dhahabu ya kwanza ya Italia katika tenisi. Paolini, mtoto wa Toscana ambaye mama yake ana asili ya Poland na Ghana, ni mfupi kuliko hata Schiavone, na mpaka mwisho wa 2023 hakuwa amewahi kuvuka raundi ya pili ya Grand Slam yoyote kwa mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2024, akiwa na miaka 28, alicheza fainali ya Roland Garros na ya Wimbledon. Alishindwa zote mbili. Wanafunzi wangu sasa wanajua kuisoma sentensi hiyo.

Kushuka nako kuna namna yake, na ni nadra watu kumfundisha kijana jambo hilo, kwa kuwa ana miaka 16 na hadhani litamhusu. Baada ya 2011 Schiavone hakurudi tena fainali ya Grand Slam. Alipata taji la Strasbourg mwaka 2012 na la Marrakech mwaka 2013, na mwaka 2015, akikaribia miaka 35, alimfunga tena Kuznetsova katika Roland Garros kwa 10-8 katika seti ya mwisho. Alikuwa amecheza Grand Slam 61 mfululizo bila kukosa hata moja, pungufu ya moja tu kuifikia rekodi ya wanawake ya wakati huo, ya Ai Sugiyama wa Japani. Ili apate ya 62 ilimbidi Januari 2016 aingie raundi za mchujo mjini Melbourne, zile zinazochezwa kwenye viwanja vya pembeni pamoja na vijana wanaotafuta jina, kwa sababu nafasi yake duniani haikumruhusu kuingia moja kwa moja. Akashindwa katika mchujo, na mfululizo wake ukaishia hapo.

Mwezi mmoja baadaye alisafiri hadi Rio de Janeiro, akiwa nje ya mia bora, na kufika fainali dhidi ya Mmarekani Shelby Rogers. Alipoteza seti ya kwanza 2-6, akashinda mbili zilizofuata 6-2, 6-2, na kuchukua taji. Aprili 2017, mjini Bogotá, akiwa na miaka 36, alichukua lingine, la nane na la mwisho. Alitangaza kustaafu Septemba 2018 mjini New York. Mwaka 2019 alifanya kazi kwa muda kama kocha wa Wozniacki, yule yule aliyemtoa Paris na kutolewa naye Melbourne, na Desemba ya mwaka huo aliwaeleza watu kwamba alikuwa ameugua saratani ya tezi za limfu aina ya Hodgkin, akapitia matibabu makali na kupona.

Mwaka jana binti mmoja niliyemfundisha alinipigia simu usiku akiwa uwanja wa ndege, ametolewa katika raundi ya pili ya mchujo baada ya kuongoza seti ya tatu. Alilia kidogo, nami nikamwacha alie. Kisha nikamuuliza kama ameshakula, na usajili wa wiki ijayo unafungwa lini. Akasema umefungwa saa nane mchana, na kwamba alikuwa ameshajiandikisha kabla hajaingia uwanjani.